Mtoto wako anapochaguliwa kwenda kambi ya mazoezi

Karatasi inafika nyumbani imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu. Mtoto amechaguliwa. Anatakiwa kambini kwa wiki mbili, aende na shuka, blanketi, sahani, kikombe na raba, na mzazi au mlezi asaini hapa chini. Kwa mama wengi wa Chang'ombe hapa Dodoma karatasi hiyo husainiwa jioni, sufuria ikiwa jikoni, kwa kalamu ya mtoto mwenyewe. Swali linaloulizwa ni moja tu: mnaondoka lini?

Tumeandika ukurasa huu kwa ajili ya maswali mengine. Umsomee pia bibi au shangazi kama ndiye anayeishi na mtoto, kwa sababu mara nyingi mtoto aliyechaguliwa halelewi na mama aliyemzaa, na anayesaini ndiye anayepaswa kujua.

Mazoezi ni mazuri kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kunyanyua vitu vizito hakumdumazi mtoto, ilimradi uzito uwe mdogo kwanza, afundishwe namna ya kunyanyua na awepo mtu mzima anayemwangalia. Kuruka na kukimbia hakuharibu kizazi cha msichana. Haya tunayasema mapema ili kinachofuata kisimfanye mzazi yeyote achane karatasi ya ruhusa.

Kambini kuna nini ambacho shuleni hakipo

Kambi zinazojulikana zaidi ni za UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mtoto huanzia shuleni, akapanda ngazi za wilaya na mkoa, na wachache hufika taifa, kwa kawaida katikati ya mwaka. Fainali za taifa huhama: mwaka 2021 zilikuwa Mtwara, mwaka 2022 Tabora. Zipo pia kambi za akademia za mpira, za ngumi na za riadha. Na sasa zipo za mazoezi ya utimamu wa mwili ya kushindana, ambayo vijana wameyapenda kupitia simu.

Hayo ya mwisho yanahitaji maelezo kidogo. Mtindo wenyewe umeenea kutoka Marekani kwa jina la CrossFit, na mashindano yake makubwa yalianza mwaka 2007 huko California. Mshindani hapigi mpira wala hakimbii tu. Anachanganya vitu: kunyanyua chuma, kujivuta kwenye bomba, pushapu, kuruka juu ya sanduku, kuchuchumaa na kuinuka, kukimbia mita 400 na kurudi kwenye chuma tena, huku saa inahesabu. Anayemaliza haraka au kurudia mara nyingi zaidi ndiye mshindi. Mtaani vijana hufanya hivyo kwa tairi la lori, kiroba cha mchanga na vyuma vya kujitengenezea, makopo mawili yaliyojazwa zege na bomba katikati. Hata walimu wa mpira na netiboli sasa hutumia mazoezi ya aina hiyo kujenga pumzi.

Tofauti kubwa ya kambi na nyumbani ni ghafla yake. Mtoto aliyekuwa akicheza siku mbili au tatu kwa wiki anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anafanya mazoezi asubuhi, anarudi tena jioni, na kesho hivyo hivyo. Mwili wa mtoto hujifunza kubeba mzigo, lakini hujifunza polepole. Majeraha mengi ya kambini hutokana na kuongeza mzigo haraka, katika siku chache za mwanzo, wakati kila mmoja anataka kumwonyesha kocha kwamba hakuchaguliwa kwa makosa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya linaanzia nyumbani. Ukishajua tarehe, mwambie mtoto aanze kuongeza mazoezi kidogo kidogo wiki tatu au nne kabla. Kwenda shule kwa mwendo wa haraka, kamba, kukimbia jioni. Hakuna gharama.

Misuli inapovunjika: mkojo wa rangi ya chai

Hili ndilo tunaloomba usome mara mbili, kwa sababu wazazi wengi hawajalisikia, na hata baadhi ya makocha hawajalisikia.

Mtu akifanyishwa zoezi moja kwa kurudia mno kuliko alivyozoea, chembe za misuli zinaweza kupasuka kwa wingi na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Kitaalamu hali hii huitwa rabdomayolisisi. Vitu viwili vinavyomwagika ndivyo vyenye hatari. Kimoja ni mayoglobini, protini inayoupa msuli rangi nyekundu. Ikifika kwenye figo kwa wingi inaziba na kuziumiza. Kingine ni potasiamu, ambayo ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo.

Katika mchezo huu wa utimamu wa mwili hali hiyo inafahamika kiasi kwamba huko Marekani waliwahi kuichorea katuni ya utani. Si jambo la utani. Na hapa kwetu si lazima uende jimu ili uipate. Kichurachura kinatosha. Mtoto aliyechelewa mstarini akaambiwa aruke kichurachura kuzunguka uwanja mzima, au apige pushapu mia, au achuchumae na kuinuka mpaka wenzake wamalize kula, amefanyishwa zoezi lile lile linalovunja misuli, tena bila kuzoeshwa, pengine bila maji. Kwa maoni yetu zoezi halipaswi kuwa adhabu kambini, na mzazi ana haki ya kulisema hilo kabla ya kusaini.

Dalili hazitokei papo hapo, na hapo ndipo watu hupotea. Mara nyingi huonekana siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya zoezi. Maumivu ya kawaida ya mazoezi humfanya mtoto ashuke ngazi kwa kulalamika, kisha yanapungua siku hadi siku na akichangamka mwili unalegea. Haya ni tofauti. Msuli unauma kupita kiasi, umevimba, ni mgumu kuushika, na mtoto hana nguvu: hawezi kunyoosha mkono achane nywele, hawezi kuinuka chooni. Halafu mkojo unabadilika. Unakuwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, tena kidogo.

Mtoto akikuambia kwa simu kwamba mkojo wake umekuwa mweusi, watu watasema ni yutiai, au hajanywa maji, au ni kichocho. Kichocho kipo kweli katika maeneo mengi ya nchi yetu, na damu yake mara nyingi huonekana mwishoni mwa mkojo, bila misuli kuvimba. Lakini usikae kupambanua kwa simu. Mkojo wa rangi ya chai pamoja na maumivu makali ya misuli ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, si kesho, na si duka la dawa. Mwambie anayempeleka amweleze daktari wazi: "alifanya zoezi fulani, mara nyingi, siku fulani." Sentensi hiyo humwelekeza daktari kupima figo na kimeng'enya cha misuli kwenye damu. Bila hiyo mtoto anaweza kupewa dawa za kuua vijidudu na kurudishwa kambini.

Akiwahi, tiba yenyewe ni maji mengi ya dripu, kupumzika na kupimwa damu mara kwa mara, na wengi hupona kabisa. Akichelewa figo zinaweza kugoma, na hapo damu itahitaji kusafishwa kwa mashine. Dodoma tuna bahati kwamba huduma za figo zipo karibu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza hata kupandikiza figo mwaka 2018. Ila hakuna mzazi anayetaka kufika huko kwa sababu ya kichurachura.

Hatari huongezeka mtoto akiwa na homa, akiwa hajanywa maji, kukiwa na jua kali, au akiwa amebeba vinasaba vya selimundu.

Selimundu, pumu, moyo, na yale ya siri

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, na zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi amebeba nusu yake, yaani amerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu. Huyo wa nusu si mgonjwa. Anacheza, anakimbia, anashinda. Lakini kwenye mazoezi makali mno, kwenye joto na bila maji, anaweza kulegea miguu na kuanguka ghafla, akiwa bado anazungumza. Kocha asiyejua humwona mvivu na kumwamuru amalizie. Mtoto wa namna hiyo anatakiwa asimamishwe palepale, apumzishwe kivulini, apewe maji, na asipopata nafuu haraka apelekwe hospitali. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye selimundu na wako hajawahi kupimwa, mpime kabla ya kambi.

Mwenye selimundu kamili asiende kambi ya mazoezi makali kwa uamuzi wa nyumbani peke yake. Zungumza na kliniki yake. Baridi ya alfajiri, kuoga maji ya baridi na kukosa maji ya kunywa vyote huweza kumwamshia maumivu.

Mwenye pumu anaweza kwenda, tena kuna wanariadha wakubwa duniani wenye pumu. Tatizo letu huku ni vumbi. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma ni upepo mkavu, alfajiri baridi, na viwanja vingi ni udongo mtupu. Pampu yake iwe mfukoni mwake au mkononi mwa mwalimu aliye uwanjani, si kwenye begi lililofungiwa bwenini. Hakikisha haijaisha: watoto wengi hubeba pampu tupu kwa miezi.

Kuhusu moyo, swali ni fupi. Je, mtoto amewahi kuzimia akiwa katikati ya zoezi, au kubanwa kifua, au kuchoka kuliko wenzake wote? Je, kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Je, aliwahi kuugua homa na viungo kuvimba kwa zamu, goti leo, kifundo kesho? Ukijibu ndiyo hata mara moja, aonwe na daktari kwanza. Fomu ya afya inayogongwa muhuri bila mtoto kuguswa haikusaidii chochote, ingawa tunajua foleni zilivyo. Kituo cha afya kama Makole ni mahali pa kuanzia.

Kuna watoto wenye dawa za kila siku ambazo familia haitaki zijulikane: za kifafa, za kisukari, za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tunaelewa. Lakini kuruka dozi wiki mbili ni hatari kubwa zaidi kuliko mtu mmoja kujua. Chagua mtu mmoja tu, matroni au patroni unayemwamini, kaa naye ana kwa ana, mweleze jina la dawa na saa ya kumeza, mkubaliane itatunzwa wapi. Mwulize mtoto naye anamtaka nani. Mwenye kifafa asilale kitanda cha juu na asiogelee bila mtu. Mwenye kisukari anaweza kushuka sukari baada ya mazoezi. Awe na glukosi au soda ya kawaida karibu, na wenzake wa chumbani waambiwe la kufanya.

Jua, maji na chumvi

Uwanda wa kati una jua linalodanganya. Hewa ni kavu, jasho linakauka kabla mtoto hajaliona, anadhani hajatoka jasho. Mtoto wa Dodoma akienda pwani, Mtwara kwa mfano, mambo hugeuka: unyevu ni mwingi, jasho halikauki, na mwili haupoi. Kote kuwili mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Mazoezi makali yasiwe kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni.

Mtoto ajifunze kuangalia mkojo wake. Rangi ya majani makavu, maji yanatosha. Manjano nzito, aongeze. Anywe kidogo kidogo siku nzima kuliko kugugumia lita nzima kwa mkupuo. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna madhara, kwa kuwa chumvi ya damu huyeyuka mno na mtoto huumwa kichwa, hutapika, hata kuchanganyikiwa. Zoezi likizidi saa moja na jasho likawa jingi, ORS inafaa. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa uangalifu. Chumvi ikizidi ni mbaya.

Ukisikia mtoto kaanguka uwanjani, ngozi ya moto, anaongea maneno yasiyoeleweka, hilo ni pigo la joto. Apoozwe kwanza, palepale: kivuli, nguo za juu zitolewe, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kuacha, vitambaa vya maji baridi shingoni na kwapani. Gari litafutwe wakati anapoozwa. Dakika zinazopotea akisubiri bodaboda huku amelala juani ndizo zinazoharibu ubongo. Asinyweshwe kitu kama hana fahamu nzuri.

Chakula na usingizi

Chakula cha kambi mara nyingi ni uji, ugali na maharage, wali siku moja moja. Si kibaya. Upungufu wake ni kiasi na kuchelewa: watoto wanafanya mazoezi alfajiri bila chochote tumboni, uji unakuja saa nne. Mpe vya kufunga. Karanga za kukaanga, ambazo kwetu hatuna shida nazo, zabibu kavu, ubuyu, mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza, viazi vitamu vilivyopikwa. Ale kidogo kabla ya zoezi la asubuhi, na apate chakula ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza.

Wiki chache kabla ya kuondoka, mpikie kile ambacho watoto wa siku hizi wanakikwepa. Ugali wa uwele au mtama na mlenda wenye karanga, dagaa, maharage, na limau au embe pembeni ili madini ya chuma yanyonywe vizuri. Chai ya majani isinywewe pamoja na mlo huo, inazuia chuma. Msichana anayechoka haraka, anayehema akipanda mlima mdogo, mwenye viganja vyeupe, apimwe damu kabla ya kwenda.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa dukani si vya watoto. Vina kafeini nyingi, vinamnyima usingizi na kuukimbiza moyo. Unga wa kujenga misuli unaouzwa kwa makopo hahitaji, na baadhi ya bidhaa hizo hapa duniani zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa zilizokatazwa michezoni.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukimwamsha saa kumi na moja alfajiri, hesabu mwenyewe alipaswa kulala saa ngapi. Uliza pia kama kuna siku ya kupumzika. Moja kwa wiki ndiyo ya chini kabisa.

Hedhi

Msichana anaweza kufanya mazoezi akiwa kwenye siku zake, na wengine maumivu ya tumbo hupungua. Mpe pedi za kutosha hata kama hatarajii kuona siku zake kambini, kwa sababu safari na uchovu hubadilisha tarehe. Kama anatumia vitambaa, awe na vya kubadilisha, sabuni, na uulize vitaanikwa wapi: vinatakiwa vikaukie juani, si chini ya godoro. Nguo ya ndani ya ziada na kaptula nyeusi ya mazoezi zinamwondolea hofu kubwa kuliko unavyofikiri.

Hedhi ikikatika miezi mitatu kwa msichana aliyekuwa anaona kawaida, usifurahie kwamba amepata nafuu. Ondoa kwanza uwezekano wa mimba, kwa upole na bila mkong'oto. Kama si mimba, huenda anafanya mazoezi mengi kuliko chakula anachokula, na mwili umezima kinachoonekana si cha lazima. Mifupa yake hudhoofika kimyakimya. Anahitaji chakula zaidi, mazoezi pungufu na daktari.

Kuvumilia maumivu

Karibu kila kambi ya Tanzania watoto husimuliwa habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza mbio akiwa na bandeji wakati washindi wameshapewa medali zao. Ni hadithi ya heshima na tunaipenda. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, na uamuzi ulikuwa wake. Mtoto wa miaka 14 anayeogopa kurudishwa nyumbani hawezi kuamua hivyo, na mtu mzima hapaswi kumwachia aamue.

Aliyegongwa kichwa akazubaa, akasahau alama za mechi, akaumwa kichwa au kuona mawili mawili, asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika mara kwa mara, akilala akawa haamshiki vizuri, akipata degedege au mkono mmoja ukalegea, ni hospitali usiku huo huo. Mfupa unaouma mahali pamoja ukiubonyeza kwa kidole, na unauma hata usiku, unaweza kuwa na ufa; asikandwe kwa maji moto akaambiwa akimbie.

Dawa za maumivu ni mtego. Diklofenaki na ibuprofeni hazifai kumezwa kabla ya zoezi ili mtoto asisikie maumivu. Zinapunguza damu inayoingia kwenye figo wakati ambapo mwili umekauka, na zinaficha jeraha. Usimfungie kwenye begi. Akiumwa kichwa, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, na watu wazima wajue.

Nani analala wapi

Kabla ya kusaini, uliza. Wasichana wanalala wapi, mlango unafungwa kwa ndani, na matroni analala humo humo? Wapo watu wazima wangapi? Nani anawakanda misuli, na je, anafanya hivyo mbele ya wengine? Mtoto anaweza kupiga simu nyumbani akitaka, au ni mpaka aruhusiwe? Mwalimu mwema hataudhika na maswali haya. Anayeudhika amekujibu.

Zungumza na mtoto, wa kiume pia. Mwambie waziwazi kwamba hakuna kocha anayemkanda mtoto peke yake chumbani, hakuna anayepanga timu kwa zawadi za siri, na hakuna anayeomba picha. Kubalianeni neno. Akikuambia kwa simu "nimesahau kitana," maana yake anataka umfuate na hawezi kueleza. Utamfuata kwanza, maelezo baadaye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, hata awe na misuli kiasi gani. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto na kupiga ni bure. Afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi nao wapo kwa kazi hiyo. Aandike namba 116 na namba yako kwenye karatasi, ndani ya kiatu au daftari, maana simu huibiwa.

Akirudi

Dodoma ni mkoa wenye malaria kidogo sana. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, maambukizi kwa watoto wadogo hapa yalikuwa chini ya asilimia 1, huku Tabora yakiwa asilimia 23 na Mtwara asilimia 20. Mtoto aliyekulia Chang'ombe, akienda kulala wiki mbili Tabora kwenye darasa lisilo na nyavu madirishani, mwili wake hauna mazoea na ugonjwa huo kama wenyeji walivyo nao. Mfungie chandarua chenye dawa pamoja na kamba na misumari minne, kwa sababu chandarua bila mahali pa kukifunga hugeuka mto. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu kwamba ametoka mkoa gani. Usikubali kuambiwa ni uchovu wa safari.

Mkague ngozi. Fangasi, upele na vidonda vya kusuguliwa na raba hutokea kila kambi, hasa wanapochangia taulo. Mwache alale siku mbili tatu bila kutumwa. Angalia anavyokula, na kama mkojo wake ni wa rangi ya kawaida. Kama hukumbuki ulichosoma hapa na kuna jambo linakutia wasiwasi, namba 199 ya Wizara ya Afya inajibu maswali ya afya. Na mwulize ilikuwaje usiku, mkiwa wawili, mkichambua mboga, si mbele ya wageni waliokuja kuangalia medali.